Kidoti na Makopo ya Gundi

Fundi makochi alikuwa mtu wa maneno machache na nyundo nyingi. Karakana yake ilikuwa nyuma ya nyumba: chumba kimoja chenye dirisha dogo, sponji hadi darini, na makopo ya gundi kando ya mlango. Mkewe alishona vitambaa vya makochi sebuleni. Binti yao wa pekee alikuwa na miaka kumi na mitano. Kwa sababu ya alama nyeusi shavuni, mtaa mzima ulimwita Kidoti.

Kidoti alipenda kuchora ramani shuleni na kuimba kwaya. Kisha akapata marafiki wapya. Siku moja mwalimu alimkuta nao nyuma ya vyoo vya shule wakivuta bangi. Alipewa onyo, akaambiwa arudi na mzazi.

Baba hakwenda. Hasira na aibu zilimpanda kichwani kwa pamoja. Akaamua: shule basi, kwaya basi. Binti atashinda karakanani mpaka akili imkae sawa. Siku ya ibada atakaa pembeni yake, kimya. Mama alipojaribu kumtuliza, aliambiwa aendelee na cherehani yake.

Mnaona alichokifanya? Alimtoa mtoto kwenye moshi, akamweka kwenye gundi.

Baba akitoka kupeleka makochi kwa wateja, Kidoti alibaki peke yake, hana wa kuzungumza naye. Akaanza kunusa gundi ili asahau. Mama ndiye aliyegundua. Alimkuta ameegemea sponji, macho mekundu, ulimi mzito. Hakupiga kelele. Alimtoa nje kwenye hewa safi, akamwita jirani yao muuguzi.

Muuguzi alimpeleka zahanati, akakaa naye mpaka akapata nafuu. Kisha akawaeleza wazazi bila kuficha kwamba mvuke wa gundi huumiza ubongo, na unaweza kuusimamisha moyo hata mara ya kwanza. Baba aliogopa sana. Alisema yeye alikuwa anamlinda mtoto, na ibadani alimpeleka bila kukosa.

"Umempeleka, shemeji, sikatai," muuguzi alisema. "Lakini siku hizi nani anamsubiri kule? Zamani akikosa kwaya, wenzake walikuwa wanamuuliza alikuwa wapi. Shuleni mwalimu alikuwa anangoja ramani yake. Hao ndio waliokuwa wamemshika mkono, na wewe umemtenga nao wote."

"Kwa hiyo mwenye dini na shule havuti?" baba aliuliza.

"Wapo wanaovuta. Lakini kijana anayejiona ana nafasi yake darasani na kwenye ibada, ana kitu cha kupoteza. Kukataa kunamwia rahisi zaidi. Kumburuta tu ibadani hakusaidii sana. Hivi umeshamuuliza kwa nini alianza?"

Hakuwa amemuuliza. Alipouliza jioni ile, jibu lilimchoma. Kidoti alikuwa ameanguka hesabu, akaogopa kusema nyumbani. Wale marafiki hawakumcheka.

Makopo yakafungiwa kabatini kwa kufuli, na dirisha likapanuliwa. Baba akavaa shati lake la ibada, akaenda shuleni kuomba radhi na kumrudisha binti darasani. Mwalimu wa hesabu akakubali kumsaidia binti baada ya masomo. Kiongozi wa kwaya alimpokea kwa furaha, maana bila yeye sauti ya pili ilikuwa imepwaya. Kidoti aliendelea pia kwenda zahanati kuzungumza na muuguzi. Haikuwa kazi nyepesi. Kuna siku alinuna tangu asubuhi, na baba akajifunza kumvumilia.

Mchana mmoja wale marafiki walimkuta Kidoti mlangoni pa karakana. Hawakujua kwamba baba yuko ndani, amelala chini ya kochi, misumari midogo imejaa mdomoni kama kawaida ya mafundi.

"Twende mara moja tu," walisema.

"Siendi. Nina mazoezi ya kwaya."

"Baba yako kakukataza?"

"Hajanikataza," Kidoti alijibu. "Wenzangu wananisubiri."

Baba alitaka kusema neno, lakini misumari ilimzuia. Ikabidi alie hivyo hivyo, kimya, chini ya kochi la mteja.