Mwanamke Aliyeandikishwa Mara Mbili

Ijumaa asubuhi, kwenye dirisha namba nne la ofisi ya wakazi, karani aliandika namba ya pasipoti kwenye kompyuta, akasoma, kisha akamrudishia Nesi pasipoti yake chini ya kioo.

"Anasema umeshaandikishwa," Mkalimani aliyemsindikiza alimtafsiria. "Tangu Jumanne."

Nesi alidhani hakusikia vizuri. Jumanne nzima alishinda hospitalini alikopata kazi, akipimwa afya. Kazi ilikuwa ianze Jumatatu, na bila namba ya ukazi ingepewa mwingine.

"Muulize huyo aliyeandikishwa ni nani."

Karani alijibu bila kuinua macho. Mkalimani akakuna kichwa. "Anasema hiyo ni siri ya mkazi. Mkazi ni wewe, ila bado hujathibitisha kwamba wewe ni wewe."

Kabla ya kuhamia nchi hii, Mkalimani alikuwa mpelelezi wa polisi huko kwao. Alibaki pale dirishani akizungumza na karani taratibu, na hakuondoka mikono mitupu. Aliyekuja Jumanne alikuwa mwanamke mwenye barakoa, akikohoa, macho na paji la uso kama ya pichani. Na mashine ilishindwa kusoma alama za vidole vyake, hata kimoja. Aliambiwa arudi siku nyingine.

"Pasipoti ilitoka mikononi mwako lini?" alimuuliza Nesi.

"Jumatatu. Mwenye nyumba aliichukua ili aandike mkataba. Dada akaniletea Jumatano, akasema ndiyo kwanza mzee ameirudisha."

Dada alikuwa mtoto wa mama yake mkubwa. Ndiye aliyempokea Nesi uwanja wa ndege na kumpa kitanda. Walimkuta jikoni, ametoka zamu kwenye kiwanda cha kufua mashuka ya hoteli. Binti yake mdogo alipita akipapasa ukuta kwa kiganja.

"Ni yule mzee," Dada alisema walipomweleza. "Nilikwambia mdogo wangu, yule wa kumchunga. Ngoja nimpigie."

Akabandika kidole gumba kwenye simu. Haikufunguka. Akajaribu tena, kisha akaandika namba ya siri. Mwenye nyumba hakupokea.

Nesi na Mkalimani wakateremka hadi mlangoni kwake. Mzee alifungua nusu, akauziba uwazi kwa mwili wake.

"Unaficha nini humo ndani?" Mkalimani aliuliza.

"Sifichi kitu."

"Basi tukaribishe."

Mzee akasogea. Ndani kulikuwa na vitanda vya ghorofa, vimepangwa ukuta hadi ukuta. "Kibali changu ni cha wapangaji wanne. Hilo ndilo kosa langu, bwana. Pasipoti niliirudisha Jumatatu ileile jioni."

"Kwa nani?"

"Kwa dada yake huyu, pale ngazini."

"Anaongopa," Nesi alisema.

Ngazini Mkalimani alisimama. "Dada yako anashinda kwenye maji ya dawa. Umeona gumba lake na simu? Ngozi ya vidole imelika, haina alama. Na mnafanana paji la uso."

Nesi alipanda ngazi. Jikoni alimkamata Dada mkono, akaugeuza kwenye mwanga. Ncha za vidole zilikuwa laini, zinang'aa.

"Jumanne ulikuwa wapi?"

Dada aliangalia mlango wa chumbani, akaufunga. "Jicho moja la mwanangu limeshakufa," alisema. "La pili linafanyiwa upasuaji Jumanne ijayo. Hospitali wanataka mama mwenye namba. Yangu ilifutwa baba yake alipotukimbia. Ofisi ya wakazi waliniandikia karatasi ya muda kwa jina lako, ikatosha."

"Kwa hiyo ukaniacha nipoteze kazi."

"Ningekueleza baada ya upasuaji."

"Ungeniomba, dada."

"Ungekubali?"

Nesi alitazama mlango uliofungwa. Kama nesi, alijua jicho lile halingesubiri. Na alijua kwamba akirudi dirishani leo, karatasi ile ingefutwa leo.

"Ofisi inafungwa saa tisa," Mkalimani, aliyekuwa amemfuata, alisema kwa upole.

"Iache ifungwe."

Jumatatu kazi ikaenda kwa mtu mwingine. Jumanne mtoto akapasuliwa. Bandeji ilipotolewa aliuliza kwa nini mama analia, na madaktari wakajua ameona.

Siku iliyofuata walisimama wote dirisha namba nne. Dada alijieleza mwenyewe, kwa lugha ya wenyeji, bila kusaidiwa. Karani aliacha kuandika, akapiga simu, na askari wawili wakaja kusimama nyuma yao.

"Anauliza mlalamikaji ni nani," Mkalimani alisema.

Dada alitazama chini.

"Ni mimi," Nesi alijibu. "Mwambie ameniibia jina, ninalidai. Halafu muulize taratibu za kumwandikisha mtoto, maana anabaki na mimi."