Kauthar wa Kwenye Skrini

Picha ile Kauthar alipigwa amenuna. Kwenye laptop mbili za kwanza alinuna vilevile. Kwenye ya tatu alikuwa anatabasamu.

Abdulmajidi, mumewe, akaona hiyo ni sifa ya skrini. Yeye alikuwa mpiga picha za harusi mjini Singida, na siku hiyo alikuwa dukani kwa Urbano, muuza laptop za mitumba, akitafuta mashine ya kusafishia picha. Njia yake ya kuchagua ilikuwa moja tu: unakwenda na flashi yenye sura unayoijua kuliko zote, unaifungua kwenye kila mashine. Ya kwanza ilimpaka Kauthar rangi ya uji wa ulezi. Ya pili ikamfanya kijani, mlenda mtupu. Ya tatu, nyeusi, iliyokwanguliwa jina la kampuni, ikamtoa mzimamzima, hata kale kakovu chini ya nyusi ya kulia alikokapata utotoni kakaonekana.

"Skrini hii kiboko!" Abdulmajidi akapiga paja. "Hata tabasamu lililojificha imelichimbua!"

Urbano hakucheka. "Ichukue uende nayo. Na hapa usiirudishe. Hata ikiwaka moto, ikuunguzie kwako."

"Wewe unauza au unafukuza?"

"Nafukuza," Urbano akasema, na hakuwa anamtazama Abdulmajidi. Alikuwa anaitazama laptop.

Studio ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao. Kila asubuhi, kabla ya kugusa kazi ya mteja, Abdulmajidi aliifungua kwanza picha ya Kauthar, ahakikishe rangi hazijahama. Hazikuhama. Zilizidi kukolea, mtandio wa rangi ya chungwa aliojitanda pichani ukawa unawaka kama jiko la mkaa. Aliyepauka ni Kauthar wa jikoni. Hina ilimtoka viganjani kwa siku mbili, midomo ikawa kama imepakwa majivu, na studio ikaanza kunuka magadi na nywele zilizoungua.

"Majidi," Kauthar alimnong'oneza akiwa mlangoni, "futa hiyo picha. Kila ukiifungua nahisi kitu kinanilamba uso."

"Nikiifuta nitapimia rangi kwa sura ya nani? Ya mama yako?"

"Una jicho la kamera na akili ya mfuniko wake!"

Hilo lilikuwa tusi lake tangu uchumba, na kwa kawaida lilisikika mpaka sokoni. Safari hii lilitoka kama pumzi.

Alhamisi ndipo alipoitwa mjomba wa Kauthar, Mzee Mselemu, msomaji dua kutoka Sepuka.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Kiko wapi?"

Aliisogelea laptop, akasita, akaziba pua kwa kilemba. "Baba, humu mna kitu kisicho na sura. Wewe umekipa ya mkeo, na kila asubuhi unakiongezea tonge. Futa picha leo, kabla jua halijazama. Likizama, usiguse chochote. Niite mimi. Umenisikia?"

"Nimesikia, mjomba."

Mzee alipoondoka tu, Abdulmajidi akakumbuka albamu ya harusi ya mteja wake, Anastazia, inatakiwa kesho yake asubuhi, picha mia mbili, rangi bado, na kipimo cha rangi ni sura ya Kauthar. Jua likazama akiwa anang'arisha keki.

Ijumaa Kauthar aliamka mzima. Mashavu yamejaa, hina imekoza, chai iko mezani, na yeye anamwita "mume wangu kipenzi". Mpaka saa nne hakuwa ametoa tusi hata moja. Mwanamume mwenye akili angekimbia pekupeku mpaka Manyoni. Huyu akaomba andazi jingine.

Saa sita mchana umeme ukakatika, feni ikafa, friji ikanyamaza, na laptop, iliyokuwa imezimwa, waya umechomolewa na betri iko juu ya kabati, ikawaka yenyewe, na ndani yake Kauthar alikuwa amenuna tena, lakini si ule mnuno wa pichani, alikuwa anafoka, mdomo unafunguka na kufumba bila sauti, viganja vyake visivyo na hina vikigonga kioo kwa ndani, ko, ko, ko, kama mtu aliyefungiwa chooni, na harufu ya magadi ikajaa chumba kizima hata machozi yakamtoka Abdulmajidi, na akiwa anayafuta akahisi mkono wa baridi begani.

"Futa, mume wangu," Kauthar wa nje akamnong'oneza.

"Mjomba alisema jua likizama nimwite..."

"Na jini likitoka humo kabla hajafika? Ona jini hilo linavyonikasirikia!"

Akabonyeza. Mashine ikauliza: afute moja kwa moja, isirudi tena? Yule wa kwenye skrini akatikisa kichwa, akaunganisha viganja akiomba. Abdulmajidi akajibu ndiyo.

Kugonga kukakoma. Umeme ukarudi.

Wakakaa kula ugali wa mtama na mlenda. Kauthar akamega tonge kwa mkono wa kushoto.

"Kauthar," sauti ya Abdulmajidi ilikuwa ndogo. "Mkono gani huo?"

Akautazama mkono, kisha akamtazama yeye, akatabasamu lile tabasamu la dukani kwa Urbano. Kakovu kalikuwa chini ya nyusi ya kushoto.

"Nimekosea?" akauliza kwa upole. "Nilijifunza nikiwa nimemkabili."

Abdulmajidi alitoka mbio hadi studio, akaifunua laptop. Skrini ilikuwa nyeusi tii, weusi safi usio na doa, ule ambao wapiga picha huutafuta maisha yao yote. Akabandika sikio kwenye kioo. Nyuma yake kandambili ziliburuzwa taratibu mpaka mlangoni, na mlango ukafungwa.

"Mume wangu, mlenda unapoa."

Hakugeuka. Ndani ya kioo, mbali kabisa, kama mtu anayeita kutoka chini ya mashimo ya zamani ya dhahabu ya Sekenke, sauti aliyoijua kuliko zote ilikuwa inazama, inazama:

"...na akili ya mfuniko..."