Nilifungua Simu ya Mume Wangu Mbele ya Mpelelezi

Nina miaka thelathini na moja, mama wa watoto wawili, naishi Heru Juu, Kasulu. Haya yalinikuta mwaka jana, na mpaka leo nayawaza...

Mume wangu ni fundi sola. Siku moja askari walikuja kupekua, wakakuta stoo kwetu paneli mbili zilizoibwa zahanati, zimefunikwa magunia ya maharage. Wakamchukua. Alipoulizwa kazipata wapi, alinyamaza. Alipoambiwa afungue simu yake ya kupangusa, akakataa katakata!

Siku ya tano mpelelezi aliniita. Akaiweka ile simu mezani.

"Mama Sara, mumeo simwoni kama mwizi. Sasa humu anaficha nini? Au kuna mwanamke?"

Jamani, hapo ndipo aliponipatia! Kwa wiki kadhaa mume wangu alikuwa akitoka nje kupokea simu. Nikimsogelea, anakata. Mimi nilishaamua moyoni kuwa ni yule muuza vitenge wa mjini aliyemfungia sola.

Na paterni ya kuifungua simu niliijua. Nilimchungulia mara nyingi akiichora, ila sikuwahi kuthubutu. Je, niliomba kumwona mume wangu kwanza? Niliuliza kama naruhusiwa kukataa? Wapi! Wivu ulikuwa umenijaa. Nikachora, simu ikafunguka.

Hakukuwa na mwanamke.

Zilikuwepo meseji za Elia, mdogo wangu wa mwisho, dereva wa bodaboda kule Kumsenga. Mama alipofariki Elia alikuwa na miaka mitano, nikamlea mimi. "Shemeji nifichie siku chache tu, dada asijue." Na mume wangu alimjibu tena na tena: "Zirudishe, dogo. Ukikamatwa dada yako hatapona."

Nilinyoosha mkono niichukue simu. Mpelelezi akaivutia kwake, akaanza kunakili namba. Nikapiga magoti pale sakafuni.

"Afande, nakuomba nizifute! Huyo ni mwanangu!"

"Umetusaidia sana, mama. Nenda nyumbani."

Siku hiyohiyo Elia alikamatwa. Kesho yake mume wangu aliachiwa, akaandikishwa kuwa shahidi. Alipofika nyumbani aliniuliza kitu kimoja tu: kwa nini sikumuuliza yeye kwanza? Ningemwambia kwamba nilikuwa natafuta mwanamke?

Elia alifungwa miaka mitatu. Baba yetu hanisemeshi. Mume wangu anakula, anashukuru, anakwenda kazini. Hanigombezi hata kidogo, bora angenigombeza! Nilimpelekea Elia ugali wa muhogo gerezani, akakataa kutoka. Alimwambia askari wa zamu kuwa yeye hana dada.

Wasomaji wenzangu, siwaambii mfiche wezi. Wagonjwa wa zahanati ile walihudumiwa kwa tochi, na Elia alikosa. Ila ukiwekewa simu ya mwenzio mezani, omba kwanza umwone mwenye simu. Tafuta mtu anayejua sheria, umuulize kama unalazimika. Na kama una wivu, dada yangu, usiiguse kabisa!

Mume wangu alikubali kulala selo kwa ajili ya ndugu yangu. Mimi nilishindwa kumwamini siku tano tu... Jumapili nitakwenda tena gerezani. Najua Elia hatatoka, lakini nitakwenda.