Taulo la Bi Arusi

Bi arusi alilala chali wodini, uso umeungua kuanzia jicho la kushoto hadi shingoni. Arusi ilikuwa ifanyike Jumamosi. Daktari alisema hilo jicho bado wanalipigania.

Nyumbani kwao, majirani walishamhukumu mama wa kambo. "Kammwagia tindikali! Mtoeni!"

Inspekta aliwapenya, akaingia, akatia komeo. Naye mwenyewe alikuwa na binti nyumbani.

"Afande, mimi?" mama wa kambo alilia. "Nimchome mtoto niliyemshonea gauni?"

"Tindikali ingetoboa shuka, mama. Shuka ni zima. Alijifuta uso na nini kabla ya kulala?"

"Taulo lile kitandani. Mdogo wake humkunjia kila jioni."

Inspekta alivaa glavu. Kabla hajaligusa, mdogo mtu, binti aliyemaliza shule juzijuzi, alisema kutoka mlangoni: "Ni siafu tu hao. Wamemuuma."

Inspekta akalikunjua. Wadudu wembamba, wekundu kwa weusi, wamepondeka. Akawaangalia kwa lenzi. Siafu mgongo wake hauna kitu. Hawa walikuwa na magamba mafupi yaliyofunika mabawa.

"Hawa ni aina ya mbawakawa. Hawaumi. Ila ukiwaponda, maji yao yanachoma kama moto. Wewe ulijuaje kuna wadudu, na taulo nimelikunjua sasa hivi?"

Msichana alificha mikono nyuma.

"Nionyeshe mikono."

Katikati ya vidole, malengelenge.

"Niliungua na chai."

"Chai gani hiyo inayochagua katikati ya vidole? Usinichezee, binti."

Msichana alichuchumaa, akaanza kulia. "Niliwaokota kwenye majani, chini ya taa ya nje. Nilidhani siafu kweli! Nilitaka avimbe kidogo tu, arusi isogezwe. Tangu mama afe tunalala kitanda kimoja. Akiolewa, nabaki na nani?"

"Nabaki na nani?" mama wa kambo alirudia. "Na mimi niko wapi? Walitaka kuniua hapo nje, ukanyamaza!"

Inspekta alimtia pingu msichana.

Hospitalini, bi arusi alipapasa hewa. "Afande, mdogo wangu mbona haji? Mwambieni jicho haliumi sana. Asije akalala na njaa."

Inspekta alitoka kwenye ujia, akampigia binti yake simu.

"Mwanangu, mdudu akitua mwilini mwako, mpulize. Usimponde. Na taulo likung'ute kwanza, hata kama limekunjwa na mtu anayekupenda."