Mguu Uliofungwa Kama Mtungi

Kila asubuhi ya likizo, kabla jua la kijiji cha Kiboko halijaanza kuuma, Syombua alishuka mtoni kuteka maji. Alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu, na pale kijijini hapakuwa na mtu wa kumshinda kufunga mitungi kwenye baiskeli. Alichukua mipira iliyokatwa kutoka kwenye tyubu kuukuu, akaizungusha, akaweka goti, akavuta mpaka meno yakaonekana. Kisha aliutikisa mtungi. Ukilia, aliufungua akaanza upya. Babake, aliyefanya kazi Voi na kuja nyumbani mara chache, ndiye aliyemfundisha hivyo.

"Kaza mpaka unyamaze," alimwambia. Na Syombua alikaza.

Krismasi hiyo, Kisilu, mtoto wa baba yake mkubwa, alikuja kutoka Mombasa. Huko alikuwa akishindana katika mbio za baiskeli, na alileta kitu ambacho watoto wote walikimbilia kuona: pedali za ajabu na viatu vyake. Chini ya kila kiatu palikuwa na kipande kigumu kilichoingia kwenye pedali na kushika.

"Unakanyaga hivi, tak! Umeshika," Kisilu alisema. "Ukitaka kutoka, unazungusha kisigino kwenda nje. Nguvu zako haziponyoki hata kidogo."

Alizifunga pedali zile kwenye baiskeli nyeusi ya kina Syombua, kwa kuwa vijana wa kanisa walikuwa wameandaa mashindano, kutoka Kiboko hadi Makindu kwa njia ya vumbi inayofuata reli, na Syombua alitaka kushinda kuliko alivyotaka kula.

"Viatu vinakutosha?" Kisilu aliuliza.

Mguu wa Syombua ulikuwa ukicheza ndani ya kiatu kama mwiko kwenye sufuria tupu. Lakini alijua akisema ukweli, viatu vitarudi Mombasa.

"Vinanitosha kabisa, kaka."

"Haya. Lakini nyayo zikiwaka moto, sema. Hata sisi wakubwa hutuwaka, tukashuka tukarekebisha. Si aibu."

Siku iliyofuata Kisilu alirudi kazini Mombasa. Vumbi la basi lake lilikuwa halijatulia wakati Syombua alipoingia jikoni kutafuta matambara. Alivijaza vile viatu, akaingiza miguu, akatikisa. Bado vililia. Basi akachukua mipira yake ya mitungi, akaizungusha juu ya kila kiatu, akaweka goti, akavuta. Akatikisa tena. Kimya.

Asubuhi ile aliruka kama swala. Kufikia saa sita, jua likiwa kali, moto ulianza kuwaka chini ya vidole. Alisaga meno. Siku za mbele moto ukageuka siafu, siafu wakitembea ndani ya nyama. Halafu siku moja siafu wakaondoka, pakabaki si moto si siafu. Mguu wa kulia ulikuwa umenyamaza.

Jioni, akiosha miguu nyuma ya nyumba, Syombua aliokota mwiba wa mgunga akajidunga kidole kidogo. Hakusikia kitu. Akajidunga tena, kwa nguvu. Tone la damu lilitoka, lakini kidole kilikaa tu kana kwamba ni cha mtu mwingine.

"Unashona?" Ilikuwa sauti ya Mutie, mdogo wake.

"Nenda zako!"

Mutie hakwenda. Aliinama akatazama alama za mipira, nyekundu na za kina kama njia za ng'ombe. "Mguu wa Mzee Ndolo ulianza hivyo hivyo," alisema polepole. "Alichomwa na mwiba, akanyamaza, mguu nao ukanyamaza. Kisha daktari akaleta msumeno. Wewe wakikukata, utakanyaga pedali na nini? Pua?"

"Ukimwambia mwaitu," Syombua alisema, maana ndivyo walivyomwita mama yao, "hutaigusa baiskeli hii mpaka uote ndevu."

Lakini maneno yale yaliingia kifuani yakakaa. Jumapili kanisani, Syombua alijikuta nyuma ya Mzee Ndolo, muuza machungwa wa kando ya barabara kuu. Suruali yake upande mmoja ilikuwa imekunjwa na kubanwa kwa pini. Wengine walifumba macho wakaomba. Syombua aliitazama ile pini. Alipoitwa kusalimia wageni, alipita mbali, asije yule mzee akamtazama miguu na kujua. Mara mbili alifungua kinywa amwambie mama yake. Mara mbili aliona msumeno, akakifunga.

Jumamosi moja kabla ya mashindano, mchana, alikuwa akifanya mazoezi kwenye kilima kinachoteremka hadi barabara kuu. Baiskeli nyeusi ilikuwa na breki za kusaidiwa: uliminya kwa mkono, kisha ukaburuza mguu chini. Katikati ya mteremko Syombua aliminya. Baiskeli ilipiga kelele, lakini haikupunguza mwendo. Akaamuru kisigino kizunguke nje. Mguu ulijipinda ndani ya matambara, kiatu kikabaki palepale. Akajaribu wa pili. Ulikuwa kama gogo. Hakujua hata kama unasogea.

Mbele yake, barabara kuu ilikuwa inakuja. Kutoka upande wa Mombasa lori lilipiga honi ndefu.

"Mwaitu!" alipiga ukelele, ingawa mama yake alikuwa mbali shambani.

Kando palikuwa na rundo la changarawe lililoachwa na watengenezaji wa barabara. Alikata usukani. Gurudumu lilizama, dunia ikapinduka, na lori likapita kwa upepo uliomrushia mchanga usoni. Syombua alilala chali, baiskeli juu yake, miguu bado imeshikwa kwenye pedali, kama mende aliyepinduliwa.

Akasikia magongo. Tok, tok. Mzee Ndolo alikuwa anakuja mbio kwa namna yake, kisu cha machungwa kikimetameta mkononi.

"Usinikate, babu!" Syombua alilia. "Bado mzima! Mguu bado mzima!"

"Nani ameutaka mguu wako?" Mzee alijishusha kwenye changarawe akihema. "Mimi nilipewa miwili, mmoja umenishinda kutunza. Tulia."

Alipitisha kisu chini ya mipira. Pa! Pa! Viatu vikafunguka. Miguu ilitoka ikiwa na rangi ya zambarau, imevimba, mifereji imeizunguka. Mzee Ndolo hakutania tena. Alianza kuisugua kwa viganja vyake vikavu, na Syombua akamtazama usoni akitafuta habari mbaya.

Kisha siafu wakarudi. Walirudi wote, pamoja na jamaa zao. Syombua alipiga ukelele.

"Unauma?"

"Unauma sana, babu!"

"Basi lia, mjukuu wangu, tena lia kwa sauti! Mguu unaouma bado unazungumza na wewe. Wangu siku ulipoacha kuuma, nilifurahi. Nikadhani nimepona. Kumbe ulikuwa umechoka kuniita." Alimfuta mchanga usoni. "Kidole hiki kidogo je?"

Syombua alitikisa kichwa. Kidole kidogo kilikuwa bado kimya.

Mama yake, Kalunde, alifika jembe begani, akitanguliwa na Mutie, aliyeona yote kutoka kilimani akakimbia shambani kumwita. Mutie alikuwa ameeleza yote njiani, pamoja na mwiba. Walimpeleka zahanati kwa baiskeli ileile, amekaa kwenye kariya mahali pa mtungi. Muuguzi alipofungua droo ya vyuma, Syombua alifumba macho. Lakini kilichotoka kilikuwa kitambaa na dawa ya kuosha.

"Hakuna cha kukata hapa," muuguzi alisema. "Mishipa imebanwa. Apumzike, asivae kitu cha kubana, na hisia zitarudi. Lakini angeendelea hivi, nisingekuahidi, mama Syombua."

Nje, Kalunde aliegemeza baiskeli ukutani. "Nilizaa mtoto, au nilizaa mtungi?" aliuliza.

"Niliogopa, mwaitu. Viatu havikunitosha tangu mwanzo. Nilimdanganya kaka Kisilu."

Mama yake alimvuta kifuani, akamshika kwa nguvu, kisha akakumbuka akalegeza.

Kidole kidogo kilirudi mwisho, kikichelewa kama mgeni wa mbali, asubuhi ya mashindano yenyewe. Syombua alishindana kwa pedali za zamani na raba zake za shule. Njiani unyayo ulianza kuwaka. Alishuka, akalegeza kamba, akachezesha vidole, na wenzake wakampita wakimcheka. Alipanda tena. Alifika wa saba.

"Wa saba!" Mutie alipiga kelele. "Hata mbuzi angekuwa wa sita!"

Mzee Ndolo alimpa chungwa. "Mwache. Amefika na miguu miwili aliyoondoka nayo." Kisha akamgeukia Syombua, akaacha utani. "Sikiliza. Mtungi hauna damu. Jua likiwaka hauvimbi, wala hauhitaji kupumua. Huo ukaze upendavyo. Mguu ukikuambia umebanwa, legeza. Ukiona hulegezi kwa sababu ya hofu, mwambie mtu mzima siku hiyohiyo. Mimi niliogopa msumeno, nikaficha, na ndivyo nilivyouita."

"Nimesikia, babu. Nitamrudishia kaka viatu vyake na nimwambie ukweli."

"Vizuri. Na ukimwona," Mzee Ndolo alisema, akiutazama mguu wake mmoja uliobaki, wa kushoto, "muulize kama anaweza kuniachia kile cha kushoto."