Maoni ya Yunis Juu ya Kitabu cha Tatu

Mikono miwili ilishika kitabu kimoja kwenye meza ya muuza vitabu, stendi ya Musoma, na hakuna uliotaka kuachia. Mmoja ulikuwa wa Yunis, fundi cherehani wa Kigera, kando ya ziwa hapo Musoma, aliyevaa gauni la kitenge cha manjano alilolishona mwenyewe. Wa pili ulikuwa wa Baltazari, kijana mrefu wa kiwanda cha pamba Bunda, shati jeupe, nyuzi za pamba zimenasa kwenye kola. Nakala ilikuwa hiyo hiyo moja. Baada ya kubishana na kucheka, wakakubaliana kitabu kibaki Kigera, Yunis awe anamsomea kwa simu.

Kilikuwa kitabu cha tatu cha Jumba la Majabali, hadithi ya binti anayeishi na mizimu katika jumba la mawe, akimsaka aliyemuua baba yake. Kila jioni sura moja. Yunis alisoma kwa sauti ya chini, ya kuvuta, pazia likipepea kwa upepo wa ziwa, na upande wa pili akasikia pumzi za mtu anayesikiliza. Yeye alimshuku mjomba. Baltazari aliapa ni mtunza bustani, maana ati anayemwagilia maua ya makaburini kila siku ana lake jambo. Siku nyingine sura iliisha na hakuna aliyekata simu. Yunis alipenda. Alipenda hasa.

Siku moja Baltazari akamwambia, kwa furaha tele, kwamba amepanga nyumba Bunda na kitanda keshanunua. Bado wazee wake tu kwenda kwa kina Yunis kuposa. Yunis akacheka, akabadili mazungumzo.

Wiki hiyo hiyo mwalimu Jenoveva akauliza kwenye kundi la wasomaji la WhatsApp, walimokuwa wote wawili: binti aliache jumba, amfuate mpenzi wake? Wengi walisema aende, mizimu inachosha. Yunis akarekodi sauti: "Mimi nasema asiende. Wanaume wanakupangiaga maisha kama wanapanga viti, hata kukuuliza hawakuulizi. Bora abaki na mizimu, imemzoea."

Tangu hapo Baltazari hakupokea simu. Yunis alidhani amepata mwingine, akalia juu ya cherehani. Mwisho akamwandikia wakutane Butiama, ni katikati.

Alimkuta mgahawani, amekonda.

"Kwani nilikukosea nini?" Yunis akauliza. "Nilikuwa natoa maoni ya kitabu."

"Sauti yako ya kitabu naijua, mpenzi. Nimelala nayo masikioni. Ile haikuwa ya kitabu."

Ni kweli, Yunis hakuwa akimsemea yule binti hata kidogo.

"Nilikuwa nakusema wewe," akakiri. "Niliogopa kukwambia, nikaliambia kundi zima."

"Basi leo nakuuliza. Unataka kukaa wapi?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Yunis akaeleza taratibu: cherehani zake, wateja aliowapata kwa jasho, na ziwa ambalo bila kulisikia usingizi haumjii. Baltazari hakumkatiza. Alipomaliza, akasema nyumba ya Bunda ataiachia, chumba cha kazini kinamtosha. Kila Ijumaa atakuja Kigera, huku akitafuta kazi Musoma.

Kisha akaanza kuuliza na lile la wazee. Hilo Yunis alilijibu kabla halijaisha: waje.