Cherehani Iliyoota Jiwe

Cherehani ya Esteri ilionekana Jumatano moja ya Agosti 1997, saa tatu asubuhi, ndani kabisa ya pango lililo juu ya kijiji cha Rungwe Mpya. Kijito kilikuwa kimekauka, hivyo Esteri alikwenda kukinga maji huko ndani, chini ya mawe meupe yaliyojengwa na matone. Kando ya cherehani alimkuta Ndayikunda, mkimbizi aliyevuka mpaka wiki tatu tu zilizopita, akikinga maji kwa ndoo yake. Akapiga yowe la mwizi.

Koplo Sylvesta wa polisi alipofika, alimtia Ndayikunda pingu. "Leo hii unarudishwa kwenu."

Mwajabu, muuza chai wa Kasulu, alipopata habari alipanda mlima akihema. Wiki iliyotangulia, alipozidiwa na malaria, Ndayikunda ndiye aliyembeba hadi zahanati, na Mwajabu hakuwa mtu wa kusahau wema.

"Afande, nipe dakika tano." Akamgeukia Nurudini, fundi aliyepewa na Esteri cherehani ile aitengeneze, ambaye alikuja pamoja na koplo. "Iliibwa lini?"

"Jumapili, nikiwa sokoni. Jumamosi niliijaribu, ikashona vizuri tu."

"Una hakika?"

"Wallahi, dada."

Mwajabu akajaribu kuzungusha gurudumu, likagoma. Ukoko mweupe ulikuwa umelifunika na kuigandisha cherehani kwenye mwamba. Akaugonga kwa ufunguo: mgumu. Miaka kumi na miwili alikuwa akikwangua ukoko kama huu kwenye mabirika yake, akiyalaani maji ya chokaa. Leo aliyashukuru kwa moyo wote.

"Afande, kwenye birika linalochemka kutwa, unene huu ni miezi. Hapa ni tone kwa tone. Hata hizo wiki tatu za Ndayikunda hazitoshi, sembuse siku tatu! Esteri, ulimpelekea fundi lini?"

"Mwaka jana, mwezi wa nane. Kila nikienda, ati anasubiri kipuri kutoka Kigoma."

Nurudini akakaa chini. "Sare za shule nilishona mimi, jamani. Esteri alipopata cherehani, wazazi wote wakahamia kwake. Alipoileta nimtengenezee, nikaja kuificha huku. Jumapili aliposema anakwenda polisi, nikasema imeibwa."

"Na mgeni wa watu akatiwa pingu, ukanyamaza," alisema Mwajabu.

Pingu zikahamia mikononi mwa fundi. Esteri alipiga magoti mbele ya Ndayikunda.

Ndayikunda alimwinua kwanza. Kisha akamgeukia Mwajabu. "Urakoze cane, mama," akamshukuru kwa lugha ya kwao. "Afande, naruhusiwa kwenda? Mke wangu ameshaanza kufunga mizigo, anadhani tunarudishwa."

"Nenda, ndugu yangu. Kimbia."

Akakimbia. Mwajabu alilia waziwazi, akisema alhamdulillahi.